Mtoi Akilemewa na Makelele Si Utundu: Vile 'Rumu ya Hisia' ya Kwa Simu Inaweza Kusaidia

Hii scene unaijua. Mko ndani ya ile mat imechorwa kila mahali, ngoma inapiga mpaka kifua inatetemeka, taa za rangi zinawaka na kuzima. Mtoi wa miaka minne anaziba masikio, anapiga nduru, anateleza chini ya kiti. Nyuma kuna buda anasema, "Mathe, huyo mchape kidogo." Mathe anatamani ardhi ipasuke immeze.

Huyo mathe ni sistangu. Na nikisema ukweli, hata mimi nilidhani mtoi amedekezwa tu. Nilikuwa nimekosea.

Iko hivi. Ubongo hupokea vitu mob kwa wakati mmoja: sauti, mwanga, harufu, lebo ya shati ikikwaruza shingo. Wengi wetu, ubongo huchuja zile hazina maana. Kwa watoi wengine, haswa wengi wenye usonji au ADHD, kila kitu huingia na nguvu zote. Ni kama redio iko juu kabisa na kitufe kimekwama. Wengine ni kinyume: hisia zinawafikia kidogo, so wanaruka na kuzunguka wakizitafuta.

Miaka ya 70 huko Uholanzi, Jan Hulsegge na Ad Verheul waliunda rumu spesheli kwa watu wenye ulemavu wa akili pale kituo cha De Hartenberg. Taa laini, mirija ya maji yenye mapovu, muziki wa pole. Wakaiita Snoezelen, jina limetoka kwa maneno mawili ya Kidachi: kunusanusa na kusinzia.

Shida, vifaa vyake ni bei. Korona ilipofunga shule 2020, walimu na ma-OT, wale wataalamu husaidia watoto na shughuli za kila siku kama kuvaa na kula, wakahamisha hiyo idea kwa skrini. Unafungua picha ya rumu. Mtoi akigusa tangi, samaki wanaogelea. Akigusa dirisha, mvua inanyesha. Akigusa mkeka, anaonyeshwa vile atapumua polepole.

Lakini usimrushie simu tu ukaenda kupika. Fanya hivi:

Anza akiwa ametulia. Akishalipuka umechelewa. Mwache aguse na achague mwenyewe, wewe ukicheki nini inamtuliza. Mvua inaweza kumlaza huyu na kumkasirisha mwingine.

Kaa naye. Punguza mwangaza na sauti. Dakika tano hadi kumi zinatosha. WHO ilisema 2019 kwamba mtoi wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe kabisa.

Chunga taa za kumetameta. Video zingine zinawaka na kuzima mbio. Kama mtoi ana kifafa, ongea na daktari kwanza.

Maliza na mwili. Skrini inafikia macho na masikio pekee, haiwezi kumkumbatia. Mwache asukume ukuta, abebe kimtungi kidogo cha maji, akande unga wa chapo, au umfunge leso vizuri. Hizo hazili bando, na mara nyingi ndizo zinafanya kazi zaidi.

Na tusidanganyane: hii rumu haiondoi usonji. Ni kitu ya kumsaidia apumue. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke akapimwe. Kuna vituo vya EARC ambavyo vilianzishwa Kenya 1984, na KISE pale Kasarani pia hupima watoi.

Siku hizi sistangu hangojei moto uwake. Kabla wapande mat, mtoi anachagua mvua, anavaa hedifoni, wanakaa hapo stage dakika chache. Si kila siku inashika. Juzi alianza kulia tena katikati ya safari, na buda mwingine akafungua mdomo. Sistangu hakumjibu. Aligeukia makanga akamwambia, "Tafadhali, punguza ngoma kidogo. Mtoi wangu inamuumiza."

Ikapunguzwa. Hakuna msee alilalamika.