Simba hafuati swala wengi, anawasubiri mtoni

STRAIKA mjanja hakimbii uwanja mzima dakika 90. Anajua mpira utapita wapi, anajificha nyuma ya beki, krosi ikishuka tu, kamba. Simba wa porini naye anacheza hivyohivyo, na boksi lake la hatari ni mtoni.

Mashabiki wa Msimbazi wanalitamba jina la Simba tangu 1971, klabu ilipoachana na jina la Sunderland. Niger wanaitwa Mena, swala wa jangwani. Angola ni Palancas Negras, palahala weusi. Majina yote hayo yametoka kwenye mechi moja ya kale, ya anayewinda na anayewindwa, na kwenye mechi hiyo maji ndiyo yanayopanga nani akae wapi.

WINGI SI HOJA

Serengeti, simba wamefuatiliwa na watafiti tangu 1966, alipoanza George Schaller. Mwaka 1978 akaingia Craig Packer. Miaka mingi watu waliamini simba anakwenda penye makundi makubwa. Kumbe sivyo. Mwaka 2005, Grant Hopcraft, Anthony Sinclair na Packer walionyesha kwamba simba anachagua mahali ambapo mnyama anakamatika kirahisi, hata kama hapo wanyama ni wachache: karibu na mito, kwenye vichaka na kwenye kingo za makorongo.

Mantiki yake mtu wa mpira anaielewa haraka. Tambarare ina nyumbu mpaka macho yanachoka, lakini huko simba anaonekana toka mbali. Ni sawa na mshambuliaji anayeomba pasi huku mabeki watatu wanamtazama. Mtoni kuna majani marefu, kuna ukingo wa kujibanza, na mwenye kiu lazima ateremke.

Utafiti mwingine wa 2009 uliongeza kwamba majike wanaoshika maeneo ya makutano ya mito ndio wanaofanikiwa zaidi kukuza watoto. Ndiyo maana sehemu hizo zinagombewa kufa na kupona.

SWALA NAYE ANA MFUMO

Swala hakubali kufungwa kizembe. Swala pala kiangazi anahitaji kunywa karibu kila siku, hivyo hawezi kukaa mbali na maji. Nyati hivyohivyo. Choroa na dikidiki ni habari nyingine: wanaweza kukaa muda mrefu bila kunywa, maji wanayapata kwenye majani wanayokula.

Anayetegemea mto anatabirika, na dawa yake ni kucheza na saa. Wengi huteremka kunywa mchana jua likiwa kali, wakati simba amelala kivulini, maana windo lake kubwa ni usiku. Hata hapo hawajiachii. Funda mbili, kichwa juu, masikio yanazunguka.

Masika ikiingia, mchezo unageuka. Madimbwi yanajaa kila kona, swala wanatawanyika, na simba aliyekuwa anakula amelala inabidi akimbie kutafuta.

RUAHA UWANJA UMEPUNGUA

Tatizo linakuja pale maji yanapokauka kuliko kawaida. Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Kuanzia 1993, kipande kinachopita hifadhini kimekuwa kikikatika kiangazi. Sababu kubwa iko juu ya mto, bonde la Usangu, ambako maji yanachepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga na ardhioevu imelishwa mifugo mingi. Mwaka 2008 Usangu iliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kuokoa hali, lakini mpunga bado unahitaji maji, na wakulima nao wana familia za kulisha.

Mto ukikatika yanabaki madimbwi machache. Viboko, mamba, nyati na swala wanabanana hapo. Kwa simba mwanzoni ni sherehe, kama timu inayocheza na wapinzani tisa. Lakini majani ya jirani yanaliwa yanaisha, mnyama anachagua kati ya kiu na njaa, na anayedhoofika hazai. Mawindo yakipungua, simba naye anashuka daraja.

Na si simba peke yake anayejua siri ya dimbwi. Jangili naye anategesha nyaya kwenye njia za kwenda majini. Ndiyo sababu sheria ya wanyamapori ya Tanzania inamkataza hata mwindaji mwenye kibali kumpiga mnyama jirani na maji ya kudumu. Kumvizia mwenye kiu si ushindani.

Shabiki wa Kariakoo anaweza kusema hayo ni mambo ya porini. Ajue kwamba Ruaha huohuo ukitoka hifadhini unaingia Mtera, kisha Kidatu, mitambo ya megawati 80 na 204. Maji yanayompa simba mahali pa kuvizia yamo pia kwenye umeme unaowasha televisheni ya kibanda umiza siku ya dabi.