Kula Kyela: Wali, Samaki na Lori Linalosubiri Mpakani

Mchele wa Kyela unajulikana mahali pengi kuliko Kyela yenyewe, wilaya ya mkoa wa Mbeya. Katika masoko ya Dar es Salaam jina hilo likiandikwa kwenye gunia bei hupanda, ndiyo maana huandikwa hata kwenye magunia ambayo mpunga wake haukuwahi kuiona Mbeya. Wauzaji wanajua, wanunuzi wanashuku, na biashara inaendelea. Mlaji asiyetaka kubahatisha itambidi aufuate wali ulikolimwa: atoke Mbeya mjini, apite Uyole na Tukuyu, aiache migomba na chai ya Rungwe mgongoni, kisha ateremke hadi kwenye tambarare ya joto na mvua nyingi inayoishia Ziwa Nyasa, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni kilomita zipatazo 125, na kila mteremko unapunguza nguo moja mwilini.

Mji wenyewe ni mdogo, umelala tambarare, na baiskeli zinapita kila upande. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 260,000 katika wilaya nzima, wengi wao wakulima na wavuvi. Mtu asitafute vitambaa vyeupe vya meza. Atakuta mabanda ya mama lishe karibu na soko na stendi, migahawa yenye meza za plastiki na ubao wa chaki mlangoni, na baa zenye jiko la mkaa uani. Mara nyingi kilichoandikwa kwenye ubao ni cha jana. Anayeijua Kyela haangalii ubao, anamsalimu mpishi, kisha anauliza, "Mama, leo kuna nini?"

Kuanzia alfajiri kuna chai, supu ya ng'ombe na chapati, na kuna vitumbua. Hivi vina hesabu yake. Mpunga ukikobolewa, punje nyingine huvunjika, na chenga hizo huuzwa kwa bei ya chini kuliko mchele mzima. Huko ndiko unakotoka unga wa vitumbua vingi na uji wa watoto. Mchele mzima, ulio mrefu na wenye harufu, hupakiwa kwenye malori. Kwa hiyo kitumbua cha asubuhi kina harufu ileile ya wali unaoliwa kwenye harusi ya Sinza, Dar es Salaam, kwa senti chache tu.

Harufu yenyewe haina uchawi. Inatokana na kemikali ileile iliyomo kwenye basmati ya India na Pakistani, na hupungua mchele unapokaa muda mrefu ghalani. Ndiyo maana mwezi wa kula wali Kyela ni baada ya mavuno, kuanzia Mei na Juni, mpunga uliopandwa na mvua za mwanzo wa mwaka unapokobolewa. Hapo ndipo mpishi hupimwa. Mchele mpya hauhitaji maji mengi kama wa zamani. Anayeupima kwa mazoea ya Februari hutoa bokoboko. Wapishi wazoefu huyapunguza maji, hufunika sufuria, hupanga makaa juu ya mfuniko na kuuacha wali umalizike kwa moto wa juu na chini. Mteja aliyekaa kwenye benchi nje husikia harufu kabla hajaagiza.

Pembeni mwa wali huja samaki, na hapa ziwa ndilo linaloamua. Nyasa ni ziwa la tatu kwa ukubwa barani Afrika, lenye kina cha takriban mita 700, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kama hili. Ila mezani Kyela aina zinazozungumzwa ni chache. Kuna perege, ambao wenyeji wengi huwaita magege, wa kukaanga au kuchoma. Kuna kambale. Kuna usipa, dagaa mwembamba wa fedha anayepatikana katika ziwa hili peke yake, akikaangwa mkavu au akipikwa rosti ya nyanya na kitunguu. Usipa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta, nyavu huwazoa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, na mitumbwi mingi hupumzika. Mgeni anayefika kipindi hicho ataletewa usipa waliokaushwa juani, aulize kwa nini, aambiwe tu: mbalamwezi.

Samaki wa heshima ni mbasa. Ni mkubwa, mweupe wa nyama, na mtu wa Kyela akimtaja hupunguza sauti kidogo kama anayetaja jina la mkwe. Mvua zikianza, mbasa huacha ziwa na kupanda mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe kwenda kutaga mayai kwenye changarawe. Tabia hiyo ndiyo inayomponza. Kuziba mdomo wa mto kwa nyavu ni rahisi kuliko kumsaka kilindini, na anayevuliwa wakati huo ni yule mwenye mayai tumboni. Kulima hadi ukingoni kumeongeza tope mitoni, na changarawe zimefunikwa. Mbasa sasa yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwenye migahawa bado yupo siku mojamoja, kwa bei inayomtenga na sahani ya kawaida. Kumwagiza katika msimu wa kutaga ni jambo ambalo mlaji mwenye busara angelifikiria mara mbili, ingawa mbele ya sahani yenyewe busara huwa inachelewa.

Kilomita chache kutoka mjini, Kasumulu ina chakula cha namna nyingine kabisa. Hapa ndipo barabara inapovuka Mto Songwe kuingia Malawi, nchi isiyo na bahari ambayo sehemu ya mizigo yake hupitia bandari ya Dar es Salaam. Malori husubiri karatasi, madereva husubiri malori, na mama lishe huwasubiri wote. Chipsi mayai, kuku wa kukaanga, ugali na nyama, supu saa za ajabu: Kasumulu hulishwa kwa ratiba ya forodha. Wabadilisha fedha, mawakala wa mizigo na matingo hukaa benchi moja. Anayetaka chakula kitamu asianzie hapa, lakini anayetaka habari za Lilongwe na Tunduma kabla hazijafika redioni hana mahali pazuri zaidi.

Ng'ambo ya mto watu ni walewale. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanaelewana bila mkalimani, wanazikana na kuoana. Ugali huko ni nsima, perege ni chambo, mbasa ni mpasa. Usipa habadilishi jina. Jambo la kuchekesha ni mchele. Fahari ya Karonga, ule mchele wa harufu ambao Malawi huuza hadi Scotland, huitwa Kilombero, jina la bonde la Morogoro. Upande huu mpunga wa kwingine hujiita Kyela. Upande ule mchele wa Karonga umebeba jina la Tanzania, na hakuna anayeona haya.

Kula nje ya nyumbani si mtindo ulioletwa na lami. Watafiti Godfrey na Monica Wilson walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938 walikuta vijana wa rika moja wakihama kwa wazazi na kujenga kijiji chao. Hawakuwa wamejifunza kupika, basi walizunguka kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, wakila pamoja. Wanaume wazima nao walikula na wenzao wa rika kuliko na wake zao, na aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Monica Wilson alichapisha kitabu kuhusu vijiji hivyo mwaka 1951, akakipa jina la Good Company kwa sababu starehe ya kukaa na wenzako ndiyo aliyoiona ikithaminiwa kuliko nyingi. Vijiji vya rika havipo tena. Hata hivyo, atakayepita kwenye baa ya Kyela saa moja jioni ataona meza yenye wanaume watano, sinia moja katikati na jagi la maji ya kunawa likizunguka, naye anaweza kujiuliza ni kitu gani hasa kilichokwisha.

Kwenye sinia hilo mara nyingi kuna kitimoto. Wilaya ina Wakristo wengi, nguruwe wanafugwa nyuma ya nyumba, na nyama yake huagizwa kwa kipimo: robo, nusu, kilo nzima, kavu au rosti, na ndizi za kukaanga, kachumbari na pilipili. Mwenzi wake wa zamani ni kimpumu, pombe ya ulezi. Ila kitimoto kina adui. Mwaka 2010 homa ya nguruwe ya Afrika ililipuka Kyela, karibu na mpaka, kisha ikasambaa kaskazini kwa barabara pamoja na nguruwe waliokuwa wakisafirishwa kuuzwa. Ugonjwa huo haumdhuru binadamu lakini huua nguruwe karibu wote, na hauna tiba. Ukiingia, majiko yanazimwa na wafugaji wanaanza upya.

Adui wa mabanda yote ni kipindupindu. Kyela ina maji kila mahali na mafuriko ya Aprili ambayo ni nadra kukosekana, na mlipuko wa kitaifa ulioanza 2015 uliifikia pia mialo ya Nyasa. Amri ya kwanza katika hali kama hiyo huwa ni kuzuia chakula cha wazi. Kinachompa mteja imani siku za kawaida ni vitu vidogo: maji ya moto ya kunawa, wali unaofuka moshi, sahani zinazosuzwa kwenye maji yanayobadilishwa.

Baada ya mji, barabara ya kwenda ziwani hupita Ipinda, soko la wakulima wa mpunga na kakao. Kyela na majirani zake ndio wanaotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, na bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, minada ya hapa ilisikia. Mgeni anaweza kula mchana kutwa kati ya mikakao, lakini ubaoni asione chokoleti. Kakao hukaushwa, huuzwa, huondoka. Mawese angalau hubaki. Michikichi ni mingi, na mafuta yake mekundu hutiwa kwenye maharage na mboga za majani.

Mwisho wa barabara ni Matema, chini ya Milima ya Livingstone inayoporomoka moja kwa moja majini. Hapa pana mchanga, na kuna malazi kama Matema Lake Shore Resort na Blue Canoe yanayowapikia watalii na watu wa Mbeya waliokuja kupumzika. Jumamosi huwa na soko la vyungu huko Lyulilo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, hufinyanga vyungu hivyo kwa mkono na kuvileta kwa mtumbwi. Maharage yaliyopikwa humo polepole ni hoja tosha dhidi ya sufuria ya alumini.

Lami ya Kikusya–Ipinda–Matema, kilomita 39.1, imefanya Matema kuwa safari ya siku moja. Lami hiyohiyo inayomleta mlaji ndiyo inayomchukua samaki: akitua mwaloni asubuhi, tenga la barafu linaweza kumfikisha Mbeya mchana. Hivyo anayefika saa sita akiwa na njaa anashindana na mnunuzi mwenye pikipiki. Wenyeji wana utaratibu wao. Mtu anashuka garini, anakwenda kwanza jikoni, anachagua samaki wake akiwa bado mbichi, anakubaliana bei na saa ya kula. Kuogelea kunafuata baadaye, maana wali utachukua muda wake na maji hayaendi popote.