Likizo ya Hemani Yataka Matayarisho

Mfanyakazi aliyetumika mwaka mzima kiwandani, bandarini, ofisini au darasani anastahili kupumzika, na jamaa yake inastahili kupumzika pamoja naye. Jambo hili si hisani ya mtu yeyote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 28 za likizo kwa mwaka. Swali linalobaki ni hili: siku hizo twazitumiaje? Wengi wetu huzimaliza tumekaa barazani tukihesabu zilizosalia kabla ya kurudi kazini, au huenda vijijini kwetu kusuluhisha magomvi ya mashamba. Hayo nayo yana mahali pake. Lakini zipo jamaa za wafanyakazi ambazo huchukua hema, sufuria na watoto, zikaenda kulala siku mbili tatu milimani au katika mbuga za wanyama. Hao twawasifu, na leo twapenda kusema nao, pamoja na wale wanaotamani kuwafuata.

Kwanza yatupasa tuondoe dhana moja. Wako wanaosema kwamba kulala hemani ni mchezo wa Wazungu. Maneno hayo hayana msingi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mtu alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, na juu yake mkeka wa kulalia na chakula chake, akatembea kwa miezi na kulala porini kila usiku. Neno “safari” lenyewe limetoka katika lugha yetu likaingia katika lugha za mataifa. Basi ujuzi wa kufunga mzigo na kupiga kambi ni urithi wetu. Aibu si kulala hemani. Aibu ni kwenda huko bila kujua babu zetu walivyojua.

Aibu hiyo sisi wenyewe tumeionja, na si haki tuwashauri wengine huku tukificha makosa yetu. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulifunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda kupiga kambi katika msitu wa Magamba, juu ya Lushoto. Tulikuwa watu saba, wanne kati yetu watoto. Gari tulilijaza kreti mbili za soda, redio kubwa ya muziki, viti vinne vya plastiki na nyama ya mbuzi. Mablanketi yalikuwa mawili tu, kwa sababu tuliyapima kwa joto la Dar es Salaam, ambako shuka moja huwa nyingi. Hema tuliliazima kwa rafiki, wala hatukulifungua mpaka tulipofika, na tulifika jua limekwisha kuchwa. Ndipo tulipogundua kwamba vigingi vinne havimo na nguzo moja imepasuka. Tulichonga vijiti kwa kisu cha jikoni huku ukungu ukishuka na nguo zikilowa.

Ilipofika saa tano usiku watoto walikuwa wakitetemeka. Tukafanya lile ambalo wengi wangelifanya: tukaliingiza jiko la mkaa hemani, tukafunga mlango. Joto likaja, na sote tukashukuru. Baada ya muda mtoto wetu wa mwisho akasema kichwa kinamuuma, kisha akatapika. Tulidhani ni uchovu wa kona za mlimani. Kwa bahati njema mzee aliyekuwa akilinda kambi alipita na tochi yake, akaona wekundu wa moto kupitia kitambaa.

“Wanangu, mna jiko humo ndani?” aliuliza.

“Lipo, babu. Watoto wanaona baridi.”

“Litoeni sasa hivi, na watoto watoeni! Hivyo ndivyo watu wanavyolala wasiamke.”

Tulikesha nje kando ya moto wake, mtoto amefunikwa koti la mzee huyo, mpaka kukapambazuka. Hewa safi ilimrudishia mtoto nguvu zake. Lakini tangu usiku ule hatuwezi tena kulichukulia jambo la mizigo ya safari kuwa dogo. Jiko lile liliingia hemani kwa sababu mablanketi yalibaki nyumbani, na mablanketi yalibaki nyumbani kwa sababu nafasi yake ilichukuliwa na redio.

Basi na tuanze hapo. Mkaa unaowaka mahali pasipopita hewa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hii haionekani kwa macho wala hainuki. Huingia katika damu na kushika nafasi ya hewa safi ambayo mwili waihitaji. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu aliyekwisha lala huweza kufa bila kushtuka. Makaa yaliyofifia huitoa pia. Jiko la mafuta ya taa, jiko la gesi na jenereta yana hatari iyo hiyo. Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo haina msamaha: moto haulali hemani. Kama baridi imezidi, dawa yake ni matandiko.

Na baridi yaweza kujulikana kabla ya safari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na Magamba iko juu zaidi. Anayetoka pwani hana budi kutoa digrii nane au zaidi katika joto aliloacha nyumbani, kisha akumbuke kwamba Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Pia wengi hudhani kwamba baridi hutoka juu tu, kumbe ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili usiku kucha. Blanketi lililolaliwa hubanwa likawa jembamba, na peke yake halitoshi. Tandika turubai, juu yake mkeka, kisha godoro jembamba la sponji, ndipo ufikirie la kujifunika. Godoro la upepo ni laini, lakini hewa iliyomo hupoa. Litandikwe blanketi kwa juu. Kila mtoto awe na sweta, soksi na kofia za kulalia, kavu, zisizovaliwa mchana. Chupa ya maji ya moto iliyozibwa barabara na kuviringishwa kitambaa, ikiwekwa miguuni, yafanya kazi ile tuliyotaka ifanywe na jiko.

Hema nalo lina mambo yake. Lisimamishwe kwanza uani, siku chache kabla ya safari. Vigingi vihesabiwe, kamba zikaguliwe, na ndoo ya maji imwagwe juu yake ili panapovuja paonekane nyumbani, ambako sindano na uzi vipo. Hema linalouzwa kuwa la watu wanne huwatosha watu wanne waliolala kama samaki kwenye tenga, bila begi hata moja. Jamaa ya watu wanne itafute la watu sita. Lenye paa mbili ni bora, kwa maana pumzi za waliolala hugeuka matone kwenye kitambaa, na paa la ndani huyazuia. Matundu ya hewa yasizibwe. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema, la sivyo litakinga maji ya mvua na kuyaleta chini ya migongo yenu. Na hema lisikunjwe bichi likawekwa stoo, kwa kuwa ukungu utalila kabla ya likizo nyingine.

Mahali pa kulisimamisha pachaguliwe kungali mchana. Makorongo makavu yaepukwe, kwani mvua inyeshayo mbali huweza kuleta maji usiku bila taarifa. Tazama juu kama kuna matawi makavu, na tazama chini kama kuna njia ya siafu. Katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa yapita ndani yake, tembo na simba ni wenyeji nasi ni wageni. Huko chakula kisilale hemani kamwe. Kifungiwe garini, kwa sababu nyani hufuata mkate na tembo hunusa matunda. Watoto wasitoke usiku peke yao. Huko wako pia mbung'o, nao huvutwa sana na nguo za rangi ya buluu na nyeusi. Mavazi ya kaki au ya rangi ya udongo yafaa zaidi. Chandarua chenye dawa kisikose katika mzigo, maana mbu aenezaye malaria huuma usiku.

Sasa twaja kwenye mzigo wenyewe. Kabla ya kufunga chochote, andikeni orodha, na mbele ya kila kitu muulize: kisipokuwapo, nani ataumia? Kwa swali hilo redio yetu ingalibaki nyumbani. Kisha vitu vigawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la usiku: hema, matandiko, tochi na betri za akiba. La pili ni la jikoni. La tatu ni la dharura: dawa, bendeji, kiberiti kilichofungwa kisilowe, kisu na kamba. Kinachohitajiwa kwanza mkifika ndicho kipakiwe mwisho. Hema likiwa chini ya kreti na magunia, mtapakua gari zima gizani na mvua ikinyesha. Mfuko wa dharura uwe mahali ambapo mkono waufikia bila kuondoa kitu.

Uzito nao ufikiriwe. Mpagazi wa Kilimanjaro, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, kanuni humwekea kikomo cha kilo 20. Mtoto asibebeshwe zaidi ya sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Lakini abebe kitu, ili ajue kwamba safari ni yake pia. Sufuria zichaguliwe zinazoingiliana. Unga, mchele na sukari vipimwe nyumbani kwa kila mlo na vifungwe mbalimbali. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi hatuna haja nayo: kikapu na mfuko wa nguo vyatosha. Ndoo yenye kifuniko ina thamani kubwa kupita sanduku. Kwenda hubeba chakula, huko hutumika kwa maji ya kuogea, na kurudi hubeba takataka zetu.

Maji ya kunywa yahesabiwe lita tatu kwa mtu mzima kwa siku, mbali na ya kupikia. Ya mtoni yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika nzima. Mtoto akiharisha na dawa ya chumvichumvi imekosekana, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi, vitamsaidia huku mkimpeleka kwa mganga.

Liko jambo jingine ambalo orodha nyingi hulisahau, nalo ni mama wa nyumba. Tumeona kambi ambazo baba amelala chini ya mti na watoto wanacheza, ilhali mama yuko kwenye moshi tangu alfajiri hadi usiku, akifanya kazi zile zile za nyumbani, tena bila bomba la maji. Hiyo si likizo kwake. Ni kuhamishwa kikazi bila posho. Chakula cha usiku wa kwanza kipikwe nyumbani, maharage yachemshwe kabla ya safari, na zamu ya kupika na kuosha vyombo iandikwe kwa wote, baba akiwa wa kwanza.

Mwisho, tunajua kwamba wasomaji wengi watasema: maneno mazuri, lakini hema ni ghali. Ni kweli. Lakini hema moja, lililotumiwa siku tatu kwa mwaka, halina haja ya kuwa mali ya nyumba moja. Wafanyakazi sita wa idara moja wakichangishana kidogo kidogo kila mwezi waweza kununua hema imara, magodoro na seti ya sufuria, wakapeana zamu. Pawe na daftari, na pawe na mtu mmoja mwaminifu wa kuhesabu vigingi vinapotoka na vinaporudi. Kama lile hema tuliloazima lingalikuwa na daftari kama hilo, tusingalichonga vijiti gizani. Na kiingilio cha hifadhi kwa raia wa Tanzania hulipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kuliko kile anacholipa mgeni.

Basi ndugu wasomaji, nendeni mkaione nchi yenu, na watoto wenu wailalie ardhi yao wakihesabu nyota ambazo taa za mjini huzificha. Lakini kabla ya kuwasha gari, simamisheni hema uani, someni orodha kwa sauti, na hesabuni mablanketi. Yakiwa pungufu, shusheni redio. Kukikosekana muziki hapana atakayeumia. Kukikosekana blanketi, huenda asiwepo mzee wa kupita na tochi.