Je, Wajua? Foklifti Hugeuka kwa Nyuma
Je, wajua kwamba foklifti, chombo kiinuacho shehena katika maghala ya bandari kama Mombasa na Dar es Salaam, aghalabu huongozwa kwa magurudumu ya nyuma, wala si ya mbele kama motokaa, hata dereva akatapo kona, mkia wake hutupwa nje, na aliyesimama kando huwa hatarini? Sababu ni kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yachukuayo uzito wa shehena, na nyuma hukaa chuma kizito cha kuusawazisha, mithili ya mizani; basi kadiri mzigo upandishwavyo juu, ndivyo uthabiti upunguavyo. Kwa hadhari hiyo dereva hodari husafiri mzigo ukiwa chini, karibu na sakafu, na ukimziba macho huenda kinyumenyume.

Lakini lililo muhimu kupita yote, nalo kwa maoni yangu lastahili kufundishwa siku ya kwanza, ni hili: foklifti ya kuketi ikianza kupinduka, dereva asiruke abadan, maana paa lake la chuma aghalabu ndilo limkandamizalo arukaye, na abaki kitini, mkanda umefungwa, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu, aegemee upande ulio kinyume na ule iangukiao foklifti.