Tarakimu 15 zinazofichua simu bandia

MNUNUZI anayetafuta simu ya bei nafuu mtaani Olympic, Kibera, aghalabu hukagua kioo, betri na kamera. Jambo ambalo lingemwokoa zaidi halionekani kwa macho, ingawa kulikagua hakuchukui hata dakika moja.

Jambo hilo ni nambari ya utambulisho wa simu, ijulikanayo kama IMEI. Kila simu halali huundwa ikiwa na nambari yake yenye tarakimu 15. Tarakimu 8 za kwanza huonyesha aina ya simu, 6 zinazofuata huitofautisha na nyingine za aina hiyo, na ya mwisho hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia, ili kosa la kunakili libainike. Simu ya laini mbili huwa na nambari mbili.

Simu inapojiunga na mtandao, mitambo ya kampuni ya mawasiliano huweza kuisoma nambari hiyo. Kwa hivyo, kampuni inaweza kukifungia kifaa bila kuifunga laini iliyomo.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya Septemba 30, 2012, siku ya mwisho iliyowekwa na Tume ya Mawasiliano ya Kenya (CCK) kwa watumiaji wa simu bandia. Takriban simu milioni 1.9 zilizimwa. Aliyehamishia laini yake katika simu halali aliikuta nambari yake ingalipo na salio lake la M-Pesa halijapungua, kwa kuwa fedha hizo hazihifadhiwi ndani ya simu. Alichopoteza ni kifaa chenyewe, hasara kubwa kwa anayeishi kwa ujira wa kibarua.

Waliopinga hatua hiyo walidai kwamba mnyonge aliadhibiwa kwa kosa la mfanyabiashara aliyeingiza bidhaa ghushi nchini. Waliounga mkono walisema simu isiyotambulika ni kichaka cha matapeli. Mjadala huo haukuishia hapo. Mwishoni mwa 2024, Mamlaka ya Mawasiliano (CA), iliyorithi majukumu ya CCK, pamoja na Mamlaka ya Ushuru (KRA) zilitaka waingizaji na waundaji wa simu wawasilishe nambari za IMEI kuanzia Januari 1, 2025, kwa ajili ya ushuru. Mahakama Kuu ilibatilisha maagizo hayo Julai 2025, suala la faragha likiwa miongoni mwa hoja kuu.

Hata hivyo, nambari hiyo ingali kinga ya mnunuzi. Kabla ya kulipa, abonyeze *#06#, kisha alinganishe tarakimu zinazojitokeza na zilizochapishwa kwenye pakiti au chini ya betri. Zikitofautiana, zikikosekana au zikiwa sufuri tupu, heri aachane na simu hiyo. Tahadhari zaidi yahitajika kwa sababu walaghai hunakili nambari za simu halali. Zipo tovuti zinazotaja aina ya simu kulingana na nambari yake. Zikitaja aina tofauti na iliyo mkononi, kuna hila.

Mwishowe, adai risiti iliyoandikwa nambari hiyo na aihifadhi nyumbani. Simu ikiibwa, ndiyo itakayomwezesha kuthibitisha kwa polisi kwamba ni mali yake. Na ikigunduliwa kuwa ya wizi, risiti hiyo itaonyesha aliinunua kwa nani.