Kromosomu Moja Zaidi

Huko Sakania, mji wa reli kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, kama kwingineko duniani, huzaliwa watoto wenye ugonjwa wa Down. Katika jamii zetu nyingi mama ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole: amevunja mwiko, au ameingiliwa na ulozi. Sayansi ina jibu lingine, nalo linaanzia kwenye mawaridi.

Mwaka 1922 Gunnar Täckholm, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, alichapisha uchunguzi wake wa seli za mawaridi. Kromosomu za mawaridi, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, huenda kwa seti za saba: 14, 21, 28, 35. Seli yenye seti kamili aliiita yuploidi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "vizuri". Iliyopungukiwa au kuzidiwa kromosomu, seti zisitimie, akaiita aneuploidi.

Kwa binadamu seti ni mbili, ya mama na ya baba, kila moja ina kromosomu 23. Jumla ya 46 ilijulikana kwa hakika mwaka 1956 tu, kwa kazi ya Joe Hin Tjio na Albert Levan. Kabla yao wataalamu walihesabu 48. Mwaka 1959, mjini Paris, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walionyesha kuwa watoto wenye ugonjwa wa Down wana 47: kromosomu ya 21 iko mara tatu, nayo ni aneuploidi.

Mara nyingi ile ya ziada hutoka katika yai. Mayai ya mwanamke huanza kujigawa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama kwa miaka mingi. Kazi inapoendelea, kromosomu mbili huweza kushindwa kuachana. Uwezekano huo huongezeka umri unaposogea, lakini akina mama vijana pia hupata watoto hawa. Chakula, hasira wala laana havihusiki.

Karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hutibika zikigunduliwa mapema. Kwa hiyo moyo wa mtoto upimwe mapema, hata ikibidi safari ya Lubumbashi. Na mama anayefika kituo cha afya aambiwe waziwazi, mumewe na wakwe zake wakisikia: kuna kromosomu moja zaidi, na hakuna aliyeiweka.