Mbawakawa Anayesubiri Mtama Uwe na Maziwa

Mtama umelimwa Ethiopia tangu kale, lakini mbawakawa aitwaye kitaalamu Pachnoda interrupta hakuwa tishio kubwa huko hadi mwaka 1993, alipoanza kuvamia mashamba kwa makundi, hasa katika majimbo ya Amhara na Oromia. Ni mdudu mdogo, hafiki hata sentimita mbili, wa manjano mwenye madoa meusi. Ukimkuta peke yake juu ya ua la mgunga utamsifu. Wakisongamana kwenye suke moja la mtama, sifa hizo zinakwisha.

Ajabu ni kwamba kinywa chake hakifai kwa nafaka. Yeye ni wa ukoo wa mbawakawa wa maua, ambao hula chavua, utomvu na matunda yaliyoiva yakalegea. Punje kavu haiwezi kabisa. Lakini kabla ya kukomaa, punje ya mtama hupitia siku kadhaa ikiwa laini, na ukiiminya hutoka maziwa meupe matamu. Siku hizo kwake mtama ni tunda tu. Anaifyonza punje na kubakiza ganda, na mkulima aliyesubiri msimu mzima huvuna makapi.

Wanaofanya uharibifu huo ni vijana. Wametoka kuwa mabuu, na mabuu yenyewe hayana kosa: huishi udongoni, mara nyingi chini ya migunga, yakila majani yaliyooza na samadi na kuirutubisha ardhi. Mbawakawa wapya hutokeza kuanzia mwishoni mwa Septemba, wakati mtama unapotia maziwa. Hawajali kupandana bado. Kazi yao ni kula na kujaza mafuta mwilini, kisha wanajifukia ardhini kuukwepa ukame. Mvua za katikati ya mwaka zikianza wanatoka tena, na mnamo Julai ndipo wanapandana na kutaga. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka.

Kupulizia sumu mtama uliokwisha kurefuka ni kazi ngumu, tena wengine huruka kutoka vichakani kujaza nafasi za waliokufa. Kwa hiyo watafiti wa Ethiopia na Sweden waligeukia harufu. Ndizi mbivu huwavuta vizuri. Huwavuta pia yujenoli, ambayo ndiyo hasa inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, na methili salisileti, ile inayonukia katika dawa za kuchua misuli.

Kwa maoni yangu, jambo la maana zaidi kuliko chambo chenyewe ni mwezi wa kukitega. Oktoba mtego unashindana na shamba zima la mtama wenye maziwa. Julai hakuna maziwa hayo, na kila jike anayenaswa kabla ya kutaga anaondoka na mayai yake.